Bunduki Iliyo Kwenye Kibao Changu: Siku Sita za Safari ya Arusha

Jumamosi, 5 Julai

Saa kumi na moja alfajiri stendi ya Msamvu, Morogoro, ilikuwa imeshachangamka. Tulikuwa wanne kutoka chuoni, kila mmoja na begi lake na nchi yake. Wenzangu walipangiwa Chile, Norway na Pakistani, mimi nikapewa Msumbiji. Tunakwenda Arusha kwenye mkutano wa wanafunzi wa mfano wa Umoja wa Mataifa, ambako kila mmoja anaiwakilisha nchi aliyopangiwa, na kwa siku tatu tutakaa kama Kamati ya Kwanza ya Baraza Kuu, ile inayoshughulika na upunguzaji wa silaha na usalama wa kimataifa.

Juu ya faili langu nilikuwa nimebandika bendera ya Msumbiji. Ukiitazama haraka unaona rangi tu: kijani, nyeusi, njano, na pembetatu nyekundu. Ukiisogeza karibu unaona ndani ya nyota kuna kitabu kilichofunguliwa, na juu ya kitabu vimepishanishwa jembe na bunduki. Ni AK-47, hii tunayoiita SMG huku kwetu, na mbele yake ina singe. Tangu nipangiwe nchi hii nimekuwa nikijiuliza nitasimamaje mbele ya kamati ya kupunguza silaha nikiwa na bunduki kwenye kibao changu cha mezani chenye bendera hiyo.

Baada ya Chalinze, mzee niliyekaa naye akaangalia lile faili kwa muda mrefu.

"Mjukuu wangu, hiyo bendera umeitoa wapi?"

Nikamweleza. Akacheka kidogo, akasema yeye alikulia Nachingwea. Walipokuwa watoto walisikia malori yakipita usiku, na asubuhi wakubwa waliwakataza kuuliza yalibeba nini. "Hiyo bunduki imepita kwetu," akasema, akiigusa kwa kidole. "Msiiangalie kama ya majambazi."

Nilikuwa nimesoma habari hizo, ila kwenye karatasi zilikuwa tarehe tu. FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962. Wapiganaji wake walifunzwa Kongwa na Nachingwea. Rais wake wa kwanza, Eduardo Mondlane, aliuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa kwenye kifurushi. Uhuru ukapatikana tarehe 25 Juni 1975. Lakini kidole cha mzee juu ya ile bunduki kilinifundisha jambo ambalo karatasi zangu hazikuwa nalo: wapo watu wanaoitazama silaha wakaona deni la shukrani. Ukitaka kuzungumza nao habari ya kuacha silaha, anzia hapo.

Segera tukakunja kushoto. Mkonge wa Korogwe, chakula Mombo, halafu milima ya Upare upande wa kulia kwa masaa. Mzee alishuka Same. Aliponiaga alisema, "Wasije wakaicheka hiyo bendera, mwanangu." Tukaingia Arusha jua linazama, na baridi ya Julai ikatupokea stendi. Sisi wa Morogoro tulikuwa tumebeba vikoti vya mapambo tu.

Jumapili, 6 Julai

Usajili, picha, mafunzo ya taratibu. Jinsi ya kuomba nafasi, jinsi ya kuinua kibao, tofauti ya hoja ya utaratibu na swali kwa msemaji. Sitayarudia. Mchana tulikula mtori, na nawaambia watu wa pwani kwamba mtori wa moto katika baridi ile ni chakula cha heshima.

Jioni tulipiga kura ya mpangilio wa ajenda. Mada zilikuwa mbili: silaha za nyuklia, na silaha ndogo na nyepesi. Wajumbe tuko 31. Ishirini walitaka nyuklia ianze, kumi na mmoja tukataka silaha ndogo. Nilijua tungeshindwa. Nyuklia ina mvuto wake: kuna Marekani, Urusi, China, kuna vitufe na makombora. Bunduki moja iliyofukiwa nyuma ya zizi haimvutii mtu anayetaka kuhutubia dunia. Lakini hapa kwetu, ukanda huu wote kuanzia Somalia hadi Ruvuma, watu hawauawi kwa nyuklia. Niliandika sentensi hiyo kwenye daftari usiku, nikaipigia mstari mara mbili.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba. Nje sikukuu, ndani tuna kazi. Mwenyekiti wetu, dada mmoja mwenye sauti ya utulivu, alifungua kikao kwa kutukumbusha kwamba tarehe kama hii mwaka 2017 ndipo Mkataba wa Kupiga Marufuku Silaha za Nyuklia ulipopitishwa New York. Nchi 122 zilisema ndiyo, moja ikasema hapana, moja haikuegemea upande. Ulianza kutumika tarehe 22 Januari 2021. Nchi zenye silaha hizo hazikuwamo hata ukumbini.

Hapo ndipo mjadala ulipokwama, palepale unapokwama kwa wakubwa. Dunia ina vichwa vya nyuklia zaidi ya 12,000, na takriban asilimia 90 viko mikononi mwa Urusi na Marekani. Aliyeketi kwenye kibao cha Marekani alisema silaha hizo ndizo zilizozuia vita kuu nyingine. Aliyeketi kwenye kibao cha Austria akamwuliza: kama ni dawa nzuri hivyo, mbona hamtaki wengine wainywe? Ukumbi ulipiga meza.

Niliomba nafasi nikazungumzia Afrika, kwa sababu tunasahau kwamba hapa tuna jambo la kusema. Bara letu lina Mkataba wa Pelindaba, uliofunguliwa kwa sahihi Cairo mwaka 1996 na kuanza kutumika mwaka 2009, unaoifanya Afrika kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia. Na Afrika Kusini ndiyo nchi pekee duniani iliyotengeneza mabomu yake yenyewe, sita kamili, kisha ikayavunja. Rais de Klerk alilitangazia bunge jambo hilo Machi 1993, kazi ikiwa imeshakwisha. Serikali ile haikuyavunja kwa wema mtupu, najua, wengi wanasema haikutaka kuyaacha mikononi mwa utawala uliokuwa unakuja. Lakini yalivunjwa. Anayesema haiwezekani ameshajibiwa.

Wakati wa chai tulizungumzia kura ya turufu. Mmoja wetu alikumbusha habari ya Salim Ahmed Salim, Mtanzania mwenzetu, mwaka 1981 alipogombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa: Marekani ikamzuia, China nayo ikamzuia Kurt Waldheim, aliyekuwa akikishikilia kiti hicho, mara 16, mwisho kiti kikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Wenzetu kutoka Kenya na Uganda hawakuwa wameisikia. Nilifurahi kuona jinsi walivyonyamaza kusikiliza.

Mchana likatokea jambo ambalo kwangu ndilo lililobeba mkutano wote. Kwa kuwa tarehe 7 Julai pia ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, mwenyekiti aliruhusu mada ya pili ifunguliwe kwa Kiswahili. Asubuhi yote tulikuwa tumejadili kwa Kiingereza, na neno lao la shughuli hii ni moja, "disarmament", limenyooka, halikuulizi kitu. Tulipoanza kusema kwa lugha yetu, kila msemaji akaja na kitenzi chake. Wa kwanza akasema "kupokonya silaha". Wa pili akasema "kunyang'anya". Wa tatu, "kusalimisha". Wa nne, "kuweka silaha chini". Kaka mmoja akainua kibao: "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba tuelewane. Hapa tunazungumzia mambo manne tofauti."

Na kweli yalikuwa manne. Anayepokonya ni mwenye nguvu, na anayepokonywa atatafuta nyingine kesho. Anayesalimisha amekubali, au ameshindwa. Anayeweka chini anaweza kuinama akaiokota tena. Kiingereza kilikuwa kimetufichia swali la nani anafanya nini kwa nani.

Nilikuwa bado naandika hayo nilipoulizwa swali nililoliogopa tangu Morogoro. Mjumbe mmoja alisimama: "Namwuliza ndugu mjumbe wa Msumbiji: nchi yenye bunduki kwenye bendera yake itatufundishaje kuziacha?"

Nilisimama nikamkumbuka mzee wa Same. Nikasema bunduki ile imewekwa pale kwa ajili ya ulinzi, jembe kwa ajili ya wakulima, kitabu kwa ajili ya elimu, na bendera imekuwa hivyo tangu mwaka 1983. Nikasema baada ya uhuru nchi iliingia vita vya ndani vilivyoanza mwaka 1977 na kukoma kwa mkataba wa Roma wa tarehe 4 Oktoba 1992, na kwamba sahihi zilipokauka silaha zilikuwa bado zimefukiwa mashambani na vichakani. Mwaka 1995 Baraza la Makanisa la Msumbiji, chini ya Askofu Dinis Sengulane, likaanza mpango wa kubadilishana: lete bunduki, chukua jembe, cherehani au baiskeli. Silaha zilikatwakatwa, na wasanii wakachukua vipande. Kimojawapo ni kiti kilichoundwa na msanii Kester mwaka 2001 kwa mabaki ya bunduki, na leo kipo British Museum, London. "Kwa hiyo, ndugu mjumbe," nikasema, "bunduki iliyo kwenye bendera yetu imepishana na jembe. Watu wetu waliamua wenyewe kulishika jembe."

Nikaongeza habari ya nyumbani, maana sikuweza kujizuia. Mabomu ya kutegwa ardhini yaliyobaki Msumbiji yalisafishwa mpaka nchi ikatangazwa huru nayo Septemba 2015, na sehemu ya kazi hiyo ilifanywa na panya buku waliofunzwa Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA), na shirika la APOPO. Nimewaona wakifanya mazoezi asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali. Panya amefungwa kamba ndogo iliyopitishwa kwenye kamba ndefu kati ya watu wawili, anatembea mstari baada ya mstari pua ikiwa chini. Akinusa baruti anakwaruza udongo kwa miguu ya mbele. Mkufunzi anabonya kidude kinacholia "tiki", panya anakimbia kuchukua ndizi. Ni mwepesi mno kulipua bomu. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alifanya kazi Kambodia, akagundua mabomu 71, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA. Ukumbi mzima ulikuwa unatabasamu, na nilitaka watabasamu, kwa sababu mambo haya yanazungumzwa kila siku kwa nyuso za msiba.

Baada ya hapo ilinibidi niseme na lile zito. Tangu Oktoba 2017 mkoa wa Cabo Delgado unawaka tena kwa vita, ng'ambo tu ya Ruvuma. Vikosi vya SADC viliingia mwaka 2021 vikaondoka mwaka 2024, na watu bado wanakimbia. Jembe peke yake halikutosha. Nilikaa chini nikiwa natetemeka miguu.

Jumanne, 8 Julai

Asubuhi tukaandika rasimu. Niliungana na kaka aliyekalia kibao cha Uganda. Kwao ni Moroto, Karamoja, na jambo hili kwake halikuwa la mfano. Alinisimulia zoezi la mwaka 2001 na 2002: watu waliambiwa wasalimishe bunduki kwa hiari, wakaahidiwa plau za ng'ombe na ulinzi. Wengine walisalimisha. "Dada, waliotoa ndio walioibiwa ng'ombe," aliniambia. "Jirani upande wa pili alikuwa bado anazo." Baadaye, kuanzia mwaka 2006, jeshi likawa linazingira vijiji na kupekua. Hapo ndipo alipojua yeye tofauti ya kusalimisha na kupokonywa, akiwa bado mtoto.

Akapendekeza kipengele kimoja: nchi jirani zikusanye silaha kwa wakati mmoja, pande zote za mpaka. Mimi nikaandika cha kubadilishana, majembe na baiskeli kama Msumbiji. Nilikiona kizuri sana. Nilikisoma mara tatu.

Mapumziko ya mchana tulikwenda soko la Kilombero, hapohapo Arusha, kununua sweta za mtumba. Mtaa wa nyuma kidogo nikasikia nyundo. Mafundi chuma. Mzee mmoja amekaa kwenye kigoda, mbele yake kipande cha reli ndicho fuawe, feni ndogo ya umeme inapuliza mkaa. Alikuwa ananyoosha springi ya lori iwe panga.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Unataka panga?"

Nikamwambia ninachotaka ni jibu. Nikamwuliza: bunduki ikikatwa, mtutu wake unaweza kufuliwa ukawa jembe? Hakunishangaa. Aliitafakari kazi kama kazi. Aliokota kipande cha bomba pembeni, akakizungusha, akapima unene kwa kidole gumba.

"Mtutu ni chuma kizuri. Kigumu. Lakini ni chembamba, na kina tundu katikati. Jembe linataka upana." Akakiweka chini. "Hapo utapata patasi. Ukibahatika, tindo mbili. Jembe itabidi ununue."

Nilisimama pale na sweta mkononi, nikaona kasoro ya kipengele changu. Nilikuwa nimeandika kana kwamba bunduki inageuka jembe yenyewe. Haigeuki. Kule Msumbiji jembe lililetwa na mtu, lilinunuliwa, likasafirishwa, likawekwa tayari kabla mwenye bunduki hajafika. Na Karamoja, kwa maelezo ya yule kaka, waliopewa walipata kidogo kuliko walichotoa. Nilinunua patasi moja kwa mzee yule, nikarudi nikafuta kipengele kizima, nikaandika upya: kila mpango wa kusalimisha uwe na mfuko wake, vifaa vifike kijijini kwanza, na wanakijiji ndio wachague ni vifaa gani.

Usiku tulibishana vitenzi mpaka saa tano. Mwishowe tukakubaliana na "kusalimisha kwa hiari". Neno "kupokonya" tuliliacha sehemu moja tu, panapohusu magenge na wafanyabiashara wa magendo.

Jumatano, 9 Julai

Kabla ya kura walitupeleka AICC, Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Arusha. Jengo lilijengwa kuwa makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, likafunguliwa mwaka 1978 kama kituo cha mikutano. Humo ndimo ilimokaa Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama Novemba 1994 na kufungwa mwisho wa mwaka 2015. Tarehe 2 Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, na ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa la mauaji ya kimbari.

Kilichonikaa moyoni ni kilichotangulia mahakama. Tarehe 4 Agosti 1993, hapahapa Arusha, serikali ya Rwanda na waasi wa RPF walitia sahihi mkataba wa amani. Ulikuwa na hesabu kamili za silaha na wapiganaji: majeshi yaunganishwe, asilimia 60 kutoka serikalini, 40 kutoka RPF, maofisa nusu kwa nusu, waliobaki warudi uraiani. Miezi minane baadaye mauaji yakaanza, na watu wengi mno waliuawa kwa mapanga, kifaa ambacho kila nyumba ya mkulima inacho na ambacho jana nilikiona kikinyooshwa kwenye kipande cha reli. Rwanda yenyewe mwaka huo wa mauaji, 1994, ilikuwa mjumbe wa Baraza la Usalama. Ilikaa mezani. Sisi wanafunzi tulitoka nje kimya, na yule kaka wa Moroto alikaa muda kwenye ngazi kabla ya kupanda basi.

Mchana, kura, kipengele kwa kipengele. Cha mfuko na vifaa kilipita kwa kura nyingi. "Kusalimisha kwa hiari" ikapita. Kikaja kile cha kukusanya kwa wakati mmoja mipakani. Waliokipinga walisema kinaingilia mamlaka ya nchi: hakuna serikali itakayokubali kupangiwa na jirani ratiba ya usalama wake. Ni hoja nzito na sikuidharau. Vibao vikainuliwa. Kumi na wanne ndiyo. Kumi na wanne hapana. Wawili hawakuegemea upande. Mmoja wa waliotuunga mkono alikuwa ametoka nje kupokea simu ya nyumbani. Kwa taratibu za kamati, kura zikilingana, pendekezo limekataliwa.

Kaka yule hakusema kitu. Alikunja karatasi yake mara nne akaiweka mfukoni. Nimeona watu wakishindwa mechi, wakishindwa mitihani. Sikuwahi kuona mtu akishindwa kwa jambo ambalo ndugu zake wameshalilipia. Nilimwendea nikamwambia pole, nikaona neno hilo ni dogo, nikakaa naye tu mpaka ukumbi ukafungwa.

Azimio lote kwa jumla lilipita. Watu walipiga makofi na kupiga picha na vibao.

Alhamisi, 10 Julai

Stendi alfajiri. Kondakta alipapasa begi langu akatoa ile patasi. "Dada, hii haiingii ndani. Yenye makali yanakaa buti." Sikubishana. Aliifunga kwa gazeti, akaandika namba ya kiti changu kwa kalamu, akaiweka chini pamoja na ndoo za watu.

Kilimanjaro ilionekana tulipopita Boma Ng'ombe, yote, bila wingu. Same nilitazama dirishani, nikijua vizuri kwamba mzee hawezi kuwa pale.

Tulipokaribia Mombo simu ikalia. Ni yule kaka, naye yuko njiani kurudi kwao. Ametuma kipengele kilekile, amekiandika upya. Ametoa maneno "zitakusanya kwa wakati mmoja". Ameweka: "wazee wa pande zote mbili za mpaka watakutana kwanza na kupanga siku, na serikali zao zitailinda siku hiyo." Chini ameniuliza, "Hivi je?"

Nikakisoma tena na tena. Nikamwandikia kwamba hapo serikali haipangiwi na jirani, inapangiwa na watu wake, na hilo litakuwa gumu zaidi kulipinga. Nikamwomba aongeze nani atalinda ng'ombe wiki ya kwanza baada ya bunduki kuondoka. Akajibu baada ya dakika chache: "Hapo ndipo penyewe. Ngoja niulize nyumbani."

Basi likasimama kwa chakula, nikateremka.